Wimbo Tulioupeleka Langoni

Wiki iliyopita nilikuwa sokoni Gakindu kununua dawa ya kupe. Mwenye duka, kijana wa rika la wajukuu wangu, alikuwa amefungulia muziki kwenye simu, na simu yenyewe ameitumbukiza ndani ya kikombe cha bati ili sauti iwe kubwa. Nilikuwa nimeshika chupa ya dawa nikijaribu kusoma yale maandishi madogo, na mara nikajikuta nimeirudisha mezani kabla sijajua kwa nini. Halafu nikajua. Ulikuwa ule wimbo. Wameugeuza wa injili siku hizi, wameutia kinanda na ngoma za mashine, na maneno ni ya kumshukuru Mungu kwa nyumba ya mawe. Lakini njia ya sauti ni ile ile: inapanda mara tatu, halafu inaanguka.

"Guka, uko sawa?" kijana akaniuliza, akiniita babu kwa lugha yetu.

"Niko sawa."

"Hiyo ni mpya. Imetoka juzi tu."

Nikamwambia ni wimbo mzuri, nikatoka. Nilifika nyumbani bila dawa.

Rafiki yangu, kama ulikulia milima hii miaka ile ya mwanzo wa uhuru, utakumbuka kwamba kwetu wimbo haukuwa na mwenyewe. Uliingia boma moja ukiwa wa kanisa, ukatokea boma la pili ukiwa wa kukamua ng'ombe. Mama alikamua kwa wimbo wa Krismasi, hata iwe ni mwezi wa saba, na ng'ombe wetu mweusi alikataa kushusha maziwa akisikia mwingine. Mwalimu wetu wa hesabu alichukua rumba ya Kongo, ambayo hakuna mtu wilaya nzima aliyejua inasema nini, akaitia jedwali la saba. Mpaka leo nikizidisha saba kwa nane bega moja linacheza lenyewe. Na mke wa yule Mhindi mwenye duka pale Mukurweini alikuwa akipepeta dengu mlangoni huku akiimba nyimbo za sinema za kwao. Tulikaa ngazini tukijifanya tunangoja mtu, kumbe tunaiba. Krismasi hiyo wachungaji wa Bethlehemu wa igizo letu waliingia kanisani kwa sauti ya Bombay. Tulipompitia dukani siku ya pili tukamwimbia, alicheka mpaka akashika ukuta, akatupa peremende, akatusahihisha mahali tulipokosea.

Mimi ndiye niliyekuwa mwizi mkuu. Nilianza na gitaa la debe la mafuta lenye nyuzi za waya wa breki ya baiskeli, na nilipofika kidato cha tatu mwalimu wa muziki aliniachia gitaa lake la kweli wakati wa likizo. Redio yetu ilikaa juu ya kabati chini ya kitambaa cha kufuma, na betri zikichoka tulizianika juani juu ya jiwe karibu na mahindi. Wimbo ukipigwa Jumamosi mchana, kufikia Jumapili jioni nilikuwa nimeugeuza: wa mapenzi nimeufanya wa ndizi, wa ndizi nimeufanya wa kumcheka karani wa kiwanda cha kahawa. Watu walikuja kwetu kuusikiliza. Nilizoea kusifiwa, na mtoto aliyezoea kusifiwa huwa hasikii vizuri mengine.

Mtu mmoja tu hakuwahi kunisifu, naye ni nyanya, mama yake baba. Jiko lake lilikuwa nyuma ya nyumba yetu, jeusi kwa moshi, lenye harufu ya uji mchachu ndani ya kibuyu na ndizi zilizochomwa kwenye jivu. Nyanya alikuwa mtu mpole, mwenye mikono mikubwa kuliko ya baba. Lakini hakuimba. Wanawake wa kwetu waliimba kila mahali, wakichuma kahawa, wakienda mtoni, wakikoboa mahindi, na yeye alikuwa nao hapo hapo, kinywa kimefungwa. Kanisani alikishika kitabu cha nyimbo kama mtu aliyeshikia mwenzake mzigo. Sisi watoto tuliamua kwamba sauti yake ni mbaya. Tulimhurumia, kusema kweli.

Likizo hiyo ya kidato cha tatu kulikuwa na wimbo mmoja wa dansi uliotoka Nairobi. Kila mtu aliupenda. Ulikuwa wa kijana anayemngoja msichana mlangoni, na msichana anachelewa kwa sababu bado anachana nywele. Ukianza kwenye redio, nyanya alisimama na kutoka nje, kama mtu aliyekumbuka kitu shambani. Sikufikiri lolote juu ya hilo.

Siku moja nilikuwa nimeketi chini ya ghala nikiufanyia mazoezi. Nyanya alikuwa hatua chache mbele yangu akichimba viazi vitamu. Nilipofika mahali pa kuanguka, akasema bila kugeuka, "Hapo unakimbia."

"Ndivyo ulivyo kwenye redio, cucu," nikasema, maana ndivyo tulivyomwita nyanya.

"Wa redio pia anakimbia. Hapo watu wanavuta pumzi kwanza. Halafu majembe yanaanguka pamoja."

Na akauimba. Mstari mmoja tu, bila maneno. Nakuambia, niliachia nyuzi za gitaa. Haikuwa sauti ya mwanamke mzee. Ilikuwa pana, safi, na ilibeba mbali; jirani aliyekuwa akipogoa kahawa upande wa pili wa bonde aliinua kichwa. Akashikilia ile sauti ya juu, akanyamaza kwa pumzi moja, kisha jembe lake likaanguka udongoni, puu. Halafu akajifunika mdomo kwa mkono wenye udongo.

"Umeujulia wapi? Huu ni wimbo mpya," nikamuuliza.

"Ni mpya kwa redio."

"Uliimbwa wapi zamani?"

Akaokota viazi viwili, akavitia kwenye kapu lake la kiondo. "Uchezee hapa nyumbani ukitaka. Usiupeleke mbele ya watu wazima. Umenisikia?"

"Kwa nini?"

"Ukiazima jembe la mtu huulizi limelima wapi. Unalirudisha tu. Sema umenisikia."

"Nimesikia, cucu."

Nilisema hivyo ili aendelee na viazi vyake. Kichwani nilikuwa tayari napanga ile pumzi na ule mshindo.

Mwisho wa likizo hiyo kaka yangu mkubwa alikuwa anaoa. Msichana wake alikuwa wa ng'ambo ya mto, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Unajua desturi yetu ya kumchukua bibi harusi. Asubuhi upande wa bwana harusi unafika langoni, na lango limefungwa. Walio ndani wanauliza kwa wimbo: nyinyi ni akina nani, mmepotea njia ama mmetumwa, mnatafuta nini katika boma hili. Walio nje lazima wajibu kwa wimbo. Jibu likiwa dhaifu, wanachekwa na kutozwa faini, sukari au leso, na jua linapanda huku mchungaji anangoja kanisani. Jibu likiwa tamu, lango linafunguka na akina mama wanakumbatiana. Shangazi yangu ndiye aliyekuwa akituongozea mambo hayo, na alikuwa hodari.

Mimi nikaamua kwamba ya shangazi ni ya kizamani. Niliwachukua binamu zangu wawili, tukajificha kwenye migomba siku nne, tukaugeuza wimbo wa redio uwe jibu la langoni. Yule kijana anayengoja mlangoni nikamfanya kaka yangu. Na pale pa kuanguka, nikaweka ya nyanya: sauti juu, pumzi moja, halafu sisi watatu tunakanyaga chini kwa viatu vya shule, puu. Ilikuwa kazi nzuri. Nasema hivyo nikiwa mzee, na bado naona haya kwamba ilikuwa nzuri.

Nyanya hakutaka kwenda. Alisema miguu inamuuma. Mama akamwambia haiwezekani bwana harusi aende bila nyanya yake, watu watasema nini. Basi akajifunga leso mpya, akabeba kiondo chenye ndizi mbivu na unga wa wimbi, akatembea nasi nyuma kabisa. Tulivuka mto kabla umande haujakauka.

Langoni mambo yalianza vizuri. Wanawake wa ndani walituchokoza. "Hawa ni akina nani, wamevaa viatu vya kuazima?" Shangazi akajibu, wakacheka, wakatutoza leso ya kwanza. Akajibu tena. Akavuta pumzi aingie mstari wa tatu, nami nikapita mbele yake na gitaa.

Shangazi alinivuta shati nilipopiga sauti za kwanza. Nilidhani ni wivu. Upande wetu wa watu wazima ulikuwa umenyamaza kabisa nyuma yangu, na hilo nalo nilidhani ni kwa kustaajabu. Wasichana wa ndani walipiga kelele za furaha, maana waliujua wimbo wa redio. Nikapanda mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tukavuta pumzi. Tukakanyaga. Puu.

Ndani ya boma kitu kilianguka, sufuria nadhani. Wasichana waliendelea kuitikia mstari mmoja zaidi, halafu mmoja mmoja wakanyamazishwa. Kupitia mianya ya mbao niliona mwanamke mzee ameketi chini ghafla, hapo hapo kwenye majani ya kahawa, kama mtoto. Wengine wa rika lake walikuwa wamesimama wima, mikono nyuma ya kiuno, vile wanavyofanya watu waliochoka kuinama. Sisi tukakanyaga tena, kwa sababu ndivyo tulivyofanya mazoezi.

"Nyamazeni," sauti ikasema kutoka ndani. Haikuwa kali.

Tukanyamaza. Mwanamke mzee mwingine, mrefu, akaja mpaka kwenye lango bila kulifungua. Baadaye nilijua kwamba alikuwa nyanya yake bibi harusi.

"Wewe wa gitaa. Huko kukanyaga mmefundishwa na nani? Redio haina hiyo."

Na mimi, rafiki yangu, nilitabasamu. Nilidhani tumeshinda.

"Ni cucu yangu," nikasema. "Anaujua kuliko hao wa redio." Na nikageuka, nikamwonyesha kwa kidole.

Watu wetu walipisha. Wale waliokuwa karibu naye walisogea kando, na nyanya akabaki peke yake na kiondo mgongoni, mkanda wake umemkaza paji la uso. Hakuna aliyemsukuma. Akaja mwenyewe mpaka mbele, akasimama kando yangu.

"Ni mimi," akasema.

Yule mrefu alimtazama usoni kupitia mianya. "Sikuwahi kuona uso wako," akasema. "Wewe ulikuwa juu ukingoni na jua lilikuwa nyuma yako. Sisi tulikuwa chini. Tulijua sauti tu."

"Ndiyo."

"Ulipoongeza mwendo, tuliongeza."

"Ndiyo."

"Mtoto wangu wa mwisho alizaliwa humo mtaroni. Hakulia. Sauti yako ilikuwa inaendelea."

Nitakueleza tulichokuwa hatukijui wakati huo sisi wa umri wangu. Wakati wa Hali ya Hatari, mkoloni alipokuwa akipigana na vijana wetu walioingia msituni, wanawake wa vijiji vyetu walipakiwa kwenye malori wakachimbishwa ule mtaro mkubwa kando ya msitu, ili waliokuwa msituni wasishuke kuchukua chakula. Wasimamizi waligundua kwamba watu huchimba kwa kasi wakiimbiwa. Wakatafuta sauti moja yenye nguvu, wakaiweka juu ukingoni. Sauti hiyo ilikuwa ya nyanya. Watu wazima wote wa kwetu walijua, na kwa miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo, kwa sababu kila boma lilikuwa na lake la kunyamazia. Mwanamuziki aliyeuingiza mjini na kuutia magitaa, sijui aliusikia kwa nani. Labda kwa mama yake, akiwa mtoto. Aliuchukua bila ile pumzi na bila majembe, na ndiyo sababu watu waliweza kuvumilia kuusikia. Mimi ndiye niliyeyarudisha.

Nyanya alisema, "Sikuona hayo ya mtoto." Akashika mkanda wa kiondo. Halafu akasema, na nilikuwa karibu naye kiasi kwamba nilisikia meno yake yakigongana, "Walisema nikinyamaza watoto wangu na wajukuu hawatapewa unga. Nilikuwa na watoto wanne, na wengine tayari walikuwa na wao. Hata ningeona, ningeimba."

Mmoja wa wale wanne alikuwa baba yangu. Alikuwa amesimama hapo nyuma, amevaa koti lake la harusi, akitazama viatu vyake.

"Najua," yule mrefu akasema. "Mimi pia nina watoto. Lakini siwezi kukufungulia. Usinilaumu."

"Sikulaumu. Wafungulie hawa. Mchungaji anangoja."

Akavua mkanda kichwani, akashusha kiondo, akampa shangazi. Akaipanga vizuri ile leso mpya. Kaka yangu akasema, "Cucu, ngoja," nyanya akamwambia, "Wewe oa." Kisha akageuka, akashuka njia ile tuliyopanda nayo, akielekea mtoni. Hakutembea kama mtu anayeumwa miguu.

Lango likafunguliwa. Watu wakaingia kimya, kama wanaingia kwenye matanga.

Mama alinitazama. Nilielewa: mfuate. Nami nilikuwa na sababu. Gitaa lilitakiwa kwenye maandamano. Binamu zangu hawakujua kuanza bila mimi. Mbona baba asiende, mbona shangazi asiende. Nimezirudia sababu hizo kwa zaidi ya miaka hamsini na hakuna hata moja iliyokua ikawa nzuri. Nilibaki. Tulienda kanisani, kaka yangu akaoa, nikapiga nyimbo nyingine, na mchana nikala. Nilikula mukimo wa viazi na mahindi yaliyopondwa, wali na nyama ya mbuzi, nikaongezwa. Nyanya yangu alikuwa anavuka mto peke yake, na mimi nilikuwa nikinyonya mfupa.

Tulirudi jua likizama. Nyanya alikuwa amekamua ng'ombe, amewasha moto. Niliingia jikoni mwake nikasimama mlangoni.

"Walipika nini?" akaniuliza.

Nikamwambia.

"Mukimo ulikuwa na njahi ama mahindi matupu?"

"Ulikuwa na njahi." Kwetu hayo ni maharagwe meusi ya karamu.

"Basi walijitahidi," akasema, akanisogezea kigoda.

Nilitaka kusema nisamehe, cucu. Ilikuwa kwenye ulimi. Akanipa kibuyu cha uji, nikanywa, na neno likateremka pamoja na uji. Nilijiambia nitalisema kesho.

Kaka na mkewe walikaa vizuri, na mkewe alimpenda nyanya na kumtunza. Lakini siku wageni wa ng'ambo ya mto walipokuja kwetu, kwa ubatizo au kwa matanga, nyanya alichukua jembe akaenda shamba la mbali mpaka waondoke. Yule mwanamke mrefu naye hakukanyaga kwetu. Kila mmoja aliuliza habari za mwenzake kupitia kwa bibi harusi. "Amelala vipi? Miguu yake?" Ndivyo walivyoishi miaka kumi na moja, milima miwili inayotazamana, mpaka wa ng'ambo akatangulia. Siku alipozikwa, nyanya hakwenda shambani. Alikaa jikoni bila moto.

Mimi niliendelea na nyimbo zangu mwaka mmoja hivi, halafu zikaniishia. Kila wimbo nilioukuta nilianza kujiuliza umetoka kwa nani na alikuwa amesimama wapi. Nikawa karani. Gitaa la mwalimu nilikuwa nimelirudisha. Sasa ukipita mashamba ya kwetu mwezi wa kuchuma utasikia simu kwenye mifuko ya watu, kila mmoja na yake. Kibuyu cha uji kimekuwa pambo ukutani mwa watu wa mjini, jiko la nyanya limekuwa zizi la mbuzi, na wale waliokuwa chini mtaroni wamekwisha wote. Hakuna tena wa kusimamisha wimbo langoni na kuuliza umefundishwa na nani.

Nyanya alikufa akiwa mzee sana, katika msimu wa mvua ndefu. Mwalimu wa kanisa alikuja nyumbani na daftari kupanga mazishi. Aliandika jina lake, majina ya watoto wake wanne, na ya wajukuu. Halafu akauliza, kama wanavyouliza siku zote, marehemu alikuwa akipenda wimbo upi, ili kwaya iuimbe kaburini.

Baba alimtazama shangazi. Shangazi alimtazama kaka. Kisha wote wakanitazama mimi, na kaka akasema, bila ubaya wowote, "Wewe ndiye wa nyimbo."

Nilikuwa nimeishi naye ukuta kwa ukuta tangu kuzaliwa. Ningeweza kumtajia yule mwalimu nyimbo zote za redio za miaka ile na nani alipiga gitaa. Wa nyanya niliujua mmoja tu, ule aliolazimishwa. Aliokuwa akiupenda sikuwahi kumuuliza.

Nikamwambia aandike namba ishirini na nne ya kitabu cha nyimbo. Sijui namba ishirini na nne ni wimbo gani.